Ukuta Huu Utamwangukia Nani?

Mji wa Christchurch, kule New Zealand, ulipigwa na matetemeko mawili makubwa ndani ya miezi sita. La kwanza lilikuja tarehe 4 Septemba 2010, saa kumi na dakika 35 alfajiri, likiwa na ukubwa wa 7.1. Dohani zilivunjika, kuta za kuficha paa zikaporomoka, na kulipokucha watu wakakuta njia za waenda kwa miguu katikati ya mji zimejaa matofali. Saa ile hakukuwa na mtu aliyesimama pale chini. Mji ukahesabu hasara, ukamshukuru Mungu, ukaanza kufagia.

La pili lilikuja Jumanne, tarehe 22 Februari 2011, saa saba kasoro dakika tisa mchana. Kwa ukubwa lilikuwa dogo kuliko la kwanza, 6.2, ila lilitokea karibu sana na mji na halikuwa na kina kirefu. Tena ile saa! Watu walikuwa madukani, wengine wanatafuta chakula cha mchana, wengine wamo ndani ya basi. Walikufa watu 185. Zaidi ya nusu yao, 115, walikufa kwenye jengo moja la zege la miaka ya 1980, lile la kituo cha televisheni cha CTV, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Lakini takribani watu 40 waliuawa na majengo ya zamani ya matofali yasiyo na nondo, na wengi wa hao hawakuwa ndani ya majengo yaliyowaua. Walikuwa wanapita nje, au wako kwenye gari, au wako kwenye jengo la jirani.

Kwenye blogu hii tunazoea kujadili riwaya na mashairi, lakini mimi tangu mwaka 2016 nimekuwa msomaji wa ripoti za matetemeko. Nazisoma usiku, kama wengine wanavyosoma hadithi za upelelezi, na ukweli ni kwamba zinafanana. Maiti ipo, mahali pa tukio papo, na mchunguzi anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka afike siku ambayo mtu fulani aliangalia ukuta fulani na kuamua kwamba utatosha. Serikali ya New Zealand iliunda Tume ya Kifalme ya Uchunguzi baada ya vifo vile, na kazi yake imo kwenye majuzuu kadhaa. Nimeyasoma kwa sababu nina nyumba moja ya matofali inayonihusu. Nitaifikia. Kwanza tuelewe ukuta.

Tofali ni kitu chenye nguvu sana ukilibebesha mzigo kutoka juu. Panga matofali elfu, weka paa, weka ghorofa, yatabeba miaka mia bila kulalamika. Udhaifu wake ni kuvutwa na kusukumwa kwa ubavu, kwa sababu kinachoshika tofali na tofali ni udongo, chokaa au saruji hafifu ya zamani. Tetemeko linasukuma kwa ubavu, huku na huku, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Ukuta unaosukumwa kwa urefu wake hupasuka nyufa za mshazari zinazopishana, ile alama ya X unayoiona katikati ya madirisha. Inatisha kwa macho, lakini mara nyingi ukuta wenye X bado umesimama. Hatari kubwa ni ukuta unaosukumwa kifuani, kutoka ndani kwenda nje. Huo hulala barabarani mzima mzima, kama mlango uliong'olewa bawaba.

Kwa nini ulale? Kwa sababu katika majengo mengi ya zamani sakafu na paa havikufungwa kwenye ukuta. Ncha ya boriti imeingizwa tu kwenye tundu la ukuta na kuachwa ikae kwa uzito wake. Siku zote inatosha, mpaka siku ukuta unapokwenda upande mmoja na boriti ikabaki upande mwingine. Na kadiri unavyopanda juu ndivyo mambo yanavyozidi kuwa mabaya: juu mtikisiko ni mkubwa, na ndiko ziliko zile sehemu zisizobebeshwa chochote cha kuzikandamiza. Dohani. Ile pembetatu ya ukuta inayofuata mteremko wa paa. Ukuta wa kuficha paa, ambao kwetu siku hizi umekuwa fasheni tena. Hivi ndivyo vinavyotangulia kuanguka, na karibu kila mara vinaangukia nje, upande wa mlangoni na barabarani, ambako ndiko watu waliko.

Basi kuimarisha jengo la namna hii maana yake nini? Kwa lugha nyepesi ni kulifanya litikisike kama kitu kimoja badala ya vipande vinne vya ukuta na paa kila kimoja na safari yake. Unapitisha bolti ukutani na kuzifunga kwenye mbao za sakafu na kenchi za paa. Unakaza sakafu kwa kupigilia mbao nyembamba juu yake ili isijikunje. Unafunga ukuta wa juu kwa vyuma vya mshazari. Ukiwa na fedha zaidi unasimamisha fremu ya chuma ndani, au unarusha zege kwenye uso wa ndani wa ukuta. Ukiwa na fedha nyingi kabisa unalikata jengo kwenye msingi na kuliweka juu ya mito ya mpira na risasi, ardhi itikisike na jengo libaki nyuma. Jengo la manispaa ya Salt Lake City, Marekani, lililokamilika mwaka 1894, lilikuwa la kwanza la kihistoria duniani kufanyiwa hivyo, na kazi ikaisha mwaka 1989.

Sasa, utajuaje kama kazi hiyo imefaa? New Zealand walikuwa na jibu linalovutia: asilimia. Mhandisi anakadiria jengo la zamani lina uwezo kiasi gani ukililinganisha na jengo jipya linalojengwa leo mahali hapohapo. Chini ya asilimia 34 linahesabiwa kuwa hatarini na mwenye nyumba analazimika kufanya kitu. Kwa hiyo jengo linapewa alama kama mwanafunzi, na wenye majengo, kama wanafunzi wengi, walitaka kujua alama ya chini ya kupita ni ngapi.

Baada ya Februari 2011 wahandisi wawili, Jason Ingham wa Chuo Kikuu cha Auckland na Michael Griffith wa Chuo Kikuu cha Adelaide, walizunguka katikati ya Christchurch na wenzao wakikagua mamia ya majengo ya matofali yasiyo na nondo. Mengi yalikuwa yameshafanyiwa uimarishaji wa aina fulani. Yaani mji ule uligeuka chumba cha mtihani ambacho hakuna mtu angekubali kukiandaa kwa makusudi. Majibu yao hayakuwa ya kubembeleza. Majengo yaliyoimarishwa kufikia kiwango cha jengo jipya yalifanya vizuri. Yaliyofikia theluthi mbili yalifanya vizuri kiasi. Yale yaliyoimarishwa chini ya theluthi moja hayakuonyesha tofauti ya maana na yale ambayo hayakuguswa kabisa.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho ukiwa kwenye viatu vya mtu aliyelipa. Fedha zimetoka, fundi amekuja na drili, vumbi limetimka, cheti kimetoka, na ukuta umeanguka vilevile.

Walibaini pia jambo la fundi, ambalo mimi lilinigusa kuliko asilimia zote. Bolti zilizopitishwa ukuta mzima na kufungwa kwa bamba la chuma upande wa nje zilishika kwa kiasi kikubwa. Bolti zilizoishia katikati ya ukuta, zilizogandishwa kwa gundi ya kemikali ili nje pasionekane kitu, ziliachia mahali pengi. Tundu fupi mno, au vumbi halikutolewa kabla ya kutia gundi, au tofali lenyewe lilikuwa limechoka. Ukiangalia sababu ya kuchagua gundi unakuta mara nyingi ni urembo. Mabamba ya chuma kwenye uso wa jengo la kihistoria yanaonekana kama vidonda. Watu walitaka jengo lifungwe bila kuonekana limefungwa.

Kwa upande mwingine nisije nikaeleweka kwamba kuimarisha ni bure. Tarehe 22 Desemba 2003 tetemeko la ukubwa wa 6.5 lilipiga pwani ya kati ya California. Katika mji mdogo wa Paso Robles, jengo la matofali la mwaka 1892 lenye saa juu yake, ambalo lilikuwa halijaimarishwa, liliporomoka na kuua wanawake wawili. Majengo ya umri uleule mjini humo ambayo yalishaimarishwa hayakuporomoka namna ile. Na wale wanawake wawili walikuwa wanafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Walikuwa wanakimbilia nje. Paa na ukuta viliwafuata barabarani.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Asilimia inapima jengo litafanya nini. Haisemi litamfanya nini mtu. Jengo linaweza kupata alama mbaya na lisimdhuru yeyote, kwa sababu limejitenga shambani na kuta zake zitaangukia migomba. Jengo jingine linaweza kupata alama ya kuridhisha kwa ujumla, huku tani kadhaa za matofali zikining'inia bila kufungwa juu ya kituo cha basi.

Basi lenyewe lilikuwepo, katika mtaa wa Colombo. Ukuta wa mbele wa jengo la zamani uliliangukia Februari ile. Ndani ya basi alitoka mtu mmoja tu akiwa hai, Ann Brower, mhadhiri wa chuo kikuu. Wanane waliokuwa naye ndani walikufa, na wapita njia wanne nje. Brower, aliyevunjika mifupa siku ile, alikwenda kuwaambia wabunge jambo rahisi mno: msisubiri mwenye jengo apate fedha za kuliimarisha lote. Zile sehemu zinazoning'inia juu ya barabara zifungwe kwanza, na zifungwe upesi. Sheria ya mwaka 2016 ilichukua hoja yake. Katika maeneo yenye hatari kubwa, mwenye jengo alipewa miaka 15 kwa jengo la kawaida, lakini kwa kuta zinazoweza kuangukia barabara zenye watu na magari muda ukawa nusu ya huo. Novemba mwaka huohuo likaja tetemeko la Kaikōura, la ukubwa wa 7.8, na mwaka uliofuata wenye majengo ya matofali katika mitaa iliyotajwa ya Wellington na miji mingine wakaamriwa kufunga kuta za mbele na za kuficha paa ndani ya miezi 12, serikali na manispaa zikichangia sehemu ya gharama.

Ukisoma juujuu utaona mgongano. Ingham na Griffith wanasema uimarishaji wa nusunusu hausaidii. Brower anasema anza na nusu. Nani mkweli? Nimeshinda na swali hili muda mrefu, na nadhani wote wawili ni wakweli kwa sababu wanajibu maswali tofauti. Uimarishaji wa nusu hauliokoi jengo. Lakini nusu iliyochaguliwa vizuri inaweza kumwokoa mtu anayepita chini yake. Kazi ya mkaguzi basi si kuuliza tu ni kiasi gani cha kazi kimefanyika. Aulize ni sehemu ipi imefungwa, na chini ya sehemu hiyo nani hukaa. Mwishoni mwa Septemba 2025 serikali ya New Zealand ilitangaza mpango wa kuachana na kile kipimo cha asilimia na kuelekeza nguvu kwenye majengo ya hatari zaidi, yakiwemo ya matofali yasiyo na nondo ambayo kuta zake zinatazama barabara. Miaka 14 ilipita kati ya lile basi na tangazo hilo.

Wakati huohuo, ukimuuliza mtu wa mbali Christchurch ilipoteza nini, atakutajia kanisa kuu. Ni kweli, mnara wa kanisa kuu la Kianglikana ulianguka siku ile, na picha yake ikazunguka dunia. Mwanzoni ilihofiwa kuna watu wamefukiwa ndani. Baadaye ikabainika hakuna hata mmoja aliyefia humo. Dayosisi ikataka kulibomoa, wapenzi wa majengo ya kale wakaenda mahakamani, mabishano yakadumu miaka, mpaka sinodi ya Septemba 2017 ikapiga kura lirejeshwe. Kazi ikaanza, na mwaka 2024 ikasimamishwa kwa kukosa fedha. Siwalaumu waliolipigania. Mtu aliyebatizwa mahali, akafunga ndoa hapo, akamzika mama yake hapo, ana haki ya kulilia ukuta. Ila naona jinsi machozi yanavyojipanga. Jengo lenye jina linalililiwa na dunia. Ile safu ya maduka ya matofali mtaa wa Colombo, ambayo hakuna aliyeipenda kihivyo, ndiyo iliyoua.

Hata kwetu tunalijua pambo hili la majonzi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati. Halikuwa tetemeko, lakini ni ukoo uleule wa majengo: kuta nene za mawe na chokaa, zisizo na nondo. Nakumbuka mitandao siku ile. Picha za mnara wa saa, picha za zamani za baraza zake, watu wakiomboleza urithi wa Waswahili. Mafundi wawili walikufa chini ya kifusi. Ilinibidi nisogeze chini sana, posti baada ya posti, kabla ya kukuta mtu anayewataja. Na walikuwa ndio waliopewa kazi ya kuliponya jengo.

Sasa nije nyumbani.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, kitovu chake kikiwa karibu na Nsunga, wilaya ya Missenyi. Kwa vipimo vya Christchurch lilikuwa la wastani, na lilitokea kina cha kilomita 40 hivi. Hata hivyo waliuawa watu wasiopungua 17, mamia wakaumia, na maelfu ya nyumba zikaharibika. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa kwa muda. Mhariri alinituma kwa sababu mbili: nilikuwa mwandishi na nilikuwa mtu wa kule.

Nilichokiona Bukoba nilikuja kukisoma baadaye kwenye ripoti za Christchurch kana kwamba mtu alikuwa ametembea nyuma yangu. Nyufa za X katikati ya madirisha. Nyumba baada ya nyumba yenye kuta nne zilizosimama na pembetatu iliyoanguka, paa linachungulia ndani. Na kila mtu niliyemhoji aliniambia kitu kilekile: tulikimbilia nje. Nje ni wapi? Ni mlangoni, na juu ya mlango ndiko iliko pembetatu.

Nyumba ya babu, mzaa mama, iko nje kidogo ya mji. Aliijenga mwaka 1957 kwa fedha ya kahawa, enzi zile ambazo kahawa ilijenga nyumba za matofali ya kuchoma mkoa mzima. Matofali yameshikwa kwa udongo, lipu ya saruji kwa nje. Juu ya mlango wa mbele, kwenye pembetatu, babu aliandika kwa mkono wake mwaka 1957, kwenye lipu mbichi, tarakimu ya saba ikiwa na mkia. Haimo kwenye orodha yoyote ya urithi wa taifa na haitaingia. Lakini ukoo mzima tukitaja nyumbani tunaona ile 1957.

Tetemeko halikuiangusha. Lilipasua pembetatu ile kwa mstari mlalo pale inapokutana na ukuta, na kona mbili za nyuma zikaachana kidogo. Mjomba, ambaye ndiye aliyeirithi na anaishi humo na bibi, alijaza nyufa kwa saruji. Ilikaa hivyo mpaka miaka mitatu iliyopita, alipopata fedha kidogo akaamua kuitengeneza. Akanipigia simu nikashuke.

"Mwanangu, nataka irudi kama ilivyokuwa siku babu yako aliyoingia," aliniambia. Mpango ulikuwa lipu mpya kote, rangi, na mlango mpya. Fundi alikuwepo, mtu mzima, mwenye heshima zake, na makadirio ameshaandika.

Nikamuuliza ile pembetatu itashikwa na nini.

"Itashikwa na lipu, dada," fundi akasema. "Tunatia waya wa matundu, tunapiga lipu, ufa hautauona tena."

"Nikishaacha kuuona utakuwa umeondoka?"

Akacheka. "Dada mwandishi, wewe unataka kugombana na mimi."

Sikutaka kugombana. Nilitaka kujua, na kusema kweli fundi yule alijua zaidi ya alivyoulizwa. Nilipomweleza habari ya kufunga ukuta kwenye kenchi, alinyamaza kidogo, akapanda ngazi, akaondoa bati moja, akaingiza mkono. Akashuka akasema kenchi zimekaa tu, hazikufungwa na chochote, na pembetatu imesimama peke yake "kama mlevi anayesubiri kusukumwa". Akatupa njia mbili. Ya kwanza, ishushwe yote, mahali pake iwekwe fremu ya mbao na bati, kitu chepesi ambacho hata kikianguka hakiui. Ya pili, ibaki, lakini ifungwe kwa bolti ndefu zinazotoboa ukuta mpaka nje, na mabamba ya chuma pande zote mbili, maana kwenye udongo bolti isiyotokeza nje haina cha kushika. Hakuwa amesoma Ingham wala Griffith. Alikuwa amebomoa kuta nyingi baada ya 2016.

Fedha hazikutosha kufanya lipu na rangi na hilo pia. Ilibidi kuchagua.

Mjomba hakutaka kusikia habari ya kushusha. "Hiyo ni sura ya baba yangu," alisema, na sauti yake ilibadilika, nikatazama chini. Wala hakufurahia mabamba. Mabamba kumi ya chuma kuizunguka ile 1957! Wageni wataona nyumba ya mgonjwa. Nilimwelewa. Nimeona picha za majengo ya Christchurch ambayo wenyewe walichagua gundi ili wasiyaone mabamba, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hawakuwa wajinga. Walikuwa wanawaza kama mjomba.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi lake lilelile, mlangoni, chini ya pembetatu, anachambua maharage na watoto wawili wa mjomba. Miaka yote tunamkuta hapo. Hakuna aliyemuuliza. Mjomba alimtazama kwa muda, akatazama juu, kisha akamwambia fundi aandike upya makadirio, aanze na mabamba.

Leo nyumba ile haijapigwa lipu mpya. Ina viraka vya saruji, rangi imebabuka, na juu ya mlango kuna mabamba kumi ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi yakiizunguka 1957. Ndani, bolti zimefungwa kwenye mbao zilizopigiliwa kenchi hadi kenchi. Zile kona mbili za nyuma bado. Lenta ya kuzunguka nyumba nzima, ambayo ndiyo ingefanya kuta nne ziwe kitu kimoja, bado, na kwa bei ya sasa ya nondo sioni itakuja lini. Mhandisi akija na asilimia zake nina hakika tutafeli. Kama kitaalamu tumefanya nusu, basi ni nusu hiyo.

Na sijui kama itashika. Hakuna njia ya kulijaribu jengo la babu yako ila lile jaribio usiloliomba. Ninachoweza kukagua ni vitu vichache, na siku hizi navikagua kila ninapopita chini ya jengo la zamani, iwe ni mitaa ya maduka ya Wahindi pale Bukoba au Kisutu, Dar es Salaam. Juu kabisa kuna nini, na kimeshikwa na nini? Ukuta umefungwa kwenye sakafu na paa, au umeegemeana navyo kwa mazoea? Kilichofanyika kimefanyika ili jengo lionekane zima, au ili liwe zima? Na chini yake hukaa nani saa saba mchana? Kibao cha urithi ukutani, pale kilipo, hutaja mwaka wa kujengwa na jina la aliyejenga. Sijaona kinachojibu swali hilo la mwisho.

Kuna jambo moja ambalo halikugharimu kitu. Kabla fundi hajaanza kazi, watoto walilibeba lile benchi la mlangoni wakalipeleka chini ya mparachichi, hatua kama 20 kutoka ukutani. Kazi ilipokwisha, bibi akaagiza lirudishwe. Mjomba akamwambia, "Mama, kule kuna kivuli kizuri." Akanung'unika siku mbili tatu kwamba akiwa kule haoni nani anaingia na nani anatoka. Benchi bado liko kwenye mparachichi.